Tufaha la Kaka Radojica

Kaka yangu Radojica ana kichwa kigumu kuliko mlango wa kanisa. Nasema kwa mapenzi, maana nimekula naye sahani moja tangu utotoni, na hata leo akikohoa upande wa pili wa uzio mimi ndiye ninayemchemshia chai. Lakini ukweli usemwe. Alipokubali binti yake Ljupka aolewe na Zijad, kijana wa Kiislamu wa ng'ambo ya mto, upande tuliopigana nao vitani, alikubali kama mtu anayekunywa dawa chungu, amefumba macho na uso kaukunja, kisha akaanza kutafuta pa kumalizia hasira.

Akapapata kwenye tufaha.

Kwetu bibi harusi hatoki mlangoni hivi hivi. Tufaha hutundikwa kwenye ncha ya mlingoti mrefu mbele ya nyumba ya baba yake, na msafara wa bwana harusi ukifika, ni lazima walitungue kwa risasi. Lisipoanguka, mke hakuna. Mama yangu alitoka hivyo, na mimi nilitoka hivyo. Tufaha langu lilikula risasi kumi na saba bila kutikisika, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa ameanza kunywa tangu alfajiri. Ya kumi na nane ndiyo iliyoliangusha, na jirani alikuwa tayari amepoteza kuku wawili.

Basi wiki mbili kabla ya harusi, mwezi wa tisa mwaka 2008, wakati plamu zinaiva, Radojica akasimama kwenye kilabu cha kijiji na glasi ya rakija, pombe yetu kali ya plamu, mkononi, akaapa mbele ya wanaume wote. "Naapa kwa kaburi la mke wangu! Ljupka hatoki ndani mpaka Zijad mwenyewe, si mwingine, alishushe tufaha. Kwa risasi, au kwa mikono yake mitupu. Ngazi hapana, kamba hapana, gari la zimamoto hapana!"

Wakampigia makofi, wapumbavu wale.

Sasa, bonde zima linajua habari ya Zijad na bunduki. Alikuwa na miaka kumi walipomletea mama yake maiti ya baba yake kutoka vitani. Mama yake, Šefika, alimshika mkono akamsimamisha kando ya kaburi, akamwapisha kwamba hatashika bunduki maishani, si ya vita, si ya kuwinda, si ya mchezo. Na mtoto yule amekua na kiapo chake. Ni fundi paa. Ameezeka nusu ya nyumba za bonde hili, zetu na zao, anatembea juu ya mapaa kama paka, lakini hata kwenye maonyesho ya sokoni, pale watu wanapolenga makopo wapate mdoli, yeye hupita upande wa pili wa barabara. Radojica alilijua hilo vizuri kabisa.

Na kana kwamba viapo viwili havitoshi, kulikuwa na wapangaji wangu.

Nyumba yangu kubwa niliwapangisha walinda amani wa Ulaya, mimi nikahamia chumba cha nyuma. Walikuwa sita kutoka nchi nne: Waaustria wawili, Wahungaria wawili, Mhispania na Mreno. Hawakukaa kambini nyuma ya seng'enge. Kazi yao ilikuwa kukaa katikati yetu, kunywa kahawa na kusikiliza kama kuna anayetaka kuanza tena. Lugha yetu waliijifunzia mezani kwangu, kwa hiyo walijua sana majina ya vyakula na matusi. Vijana wazuri. Ila walikuwa na jambo moja lililokuwa likinichekesha hadi machozi: kila mmoja alikuja na masharti yake kutoka kwao. Huyu serikali yake inamruhusu hiki, yule inamkataza kile. Siku bomba la jikoni lilipopasuka walisimama sita wakilitazama, wakijadiliana ni nchi gani yenye ruhusa ya kushika spana, mpaka nikaja na kitambaa na kamba nikalifunga mwenyewe.

Mkubwa wao alikuwa Kapteni Wendelin, Mwaustria mrefu mwenye daftari. Mlingoti uliposimamishwa alikuja uzioni na kamera.

"Mama Savka, ile ni antena?"

"Ni tufaha."

"Tufaha la nini?"

"La harusi."

Akaandika. Nikamweleza habari yote, naye akaacha kuandika, akavua kofia. "Mama Savka, unajua sheria. Kupiga risasi harusini ni marufuku. Ikilia hata moja, lazima niwaite polisi, na polisi watambeba kila mtu pamoja na keki."

Nikamwambia asinieleze mimi, akamweleze yule mwenye kichwa. Akaenda. Akarudi na chupa ya rakija kwapani na uso mwekundu, na hakuna kilichobadilika.

Alhamisi jioni Radojica akaniita nikamshikie ngazi. Kilabuni walikuwa wamemchokoza: kupanda mlingoti hata mbuzi anapanda, Rade, binti yako unamtoa bure! Basi alikuwa na ndoo ya shahamu nyeupe, na akawa anaupaka mlingoti kuanzia chini, polepole, kama mwanamke anayepaka keki siagi.

Sikuuliza ni shahamu gani. Kwetu ndoo nyeupe ghalani ni ya nguruwe, miaka nenda miaka rudi. Nilimfikiria Zijad na shati lake jeupe, kijana wa Kiislamu, akikumbatia uchafu huo mbele ya mama yake siku ya harusi yake. 

"Rade, hii ni aibu," nikamwambia.

"Shika ngazi, dada."

"Mungu anakuona."

"Basi na aione na ngazi, maana inatikisika."

Akapanda hadi kipago cha mwisho, akanyoosha mkono hadi bega likalia, akapaka mpaka juu kidogo ya dirisha la darini. Hapo mkono ukagoma. Juu ya hapo mlingoti ulibaki mkavu, msonobari mtupu uliomenywa maganda.

"Na huko juu je?"

"Huko juu nani atafika?" akasema, akashuka anajifuta mikono kwenye suruali.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ljupka nimemlea mimi tangu mama yake afariki akiwa na miaka minne. Nywele zake nimezisuka mimi, homa zake nimezikesha mimi. Jumamosi ile ndiyo niliyokuwa nikiisubiri kwa miaka ishirini, na sasa baba yake alikuwa ameipaka mafuta.

*

Walifika saa nne, magari kumi na moja, honi zinalia, kodiani inapigwa dirishani mwa gari la mbele. Msajili wa ndoa alikuwa ofisini kwake ng'ambo ya mto, na alikwisha kusema kwamba saa saba kamili anafunga, kwa sababu na yeye ana harusi ya kwenda kula. Zijad akashuka na shati jeupe na ua kifuani. Nyuma yake mama yake, Šefika, mwanamke mdogo aliyenyooka kama sindano, na kitambaa cha hariri kichwani. Tulipeana mikono. Miaka yote hiyo tulikuwa tumepeana salamu za sokoni tu.

Radojica alikuwa mlangoni, suti nyeusi, bunduki ya kuwindia mkononi. Na nyuma ya uzio wangu, wapangaji wangu sita wamejipanga kama kuku juu ya fito.

"Karibu, kijana," akasema Radojica. "Tufaha lile pale. Bunduki hii hapa."

"Asante, mzee. Bunduki siwezi. Unajua kwa nini."

"Basi mikono unayo."

"Ninayo," akasema Zijad. Akavua koti, akampa rafiki yake, akaukumbatia mlingoti.

Alipanda kama mita moja, akateleza mpaka chini akakaa kitako. Watu wakacheka, pande zote mbili, maana kwa kweli ilichekesha. Akaanza tena kwa kukimbia. Akateleza. Mara ya tatu alipojaribu, kicheko kilikuwa kimekwisha. Shati limekuwa jeupe la aina nyingine, linang'aa, na shahamu imemjaa hadi nyusi. Nikamtazama Šefika. Alikuwa anaangalia ile shahamu. Midomo yake ikawa mstari, akakivuta kitambaa chake mbele kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na aproni yangu.

"Baba!" Ljupka alikuwa dirishani juu, shela kichwani. "Baba, mimi naruka!"

"Ruka uone!"

"Nitaruka kweli! Shangazi, mwambie!"

"Usiruke, mwanangu, utaharibu gauni!" nikapiga kelele. Ndilo jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe.

"Shangazi, fanya kitu basi!"

Kitu gani? Yule ameapa kwa kaburi la mkewe, huyu ameapa kwenye kaburi la babaye, na wapangaji wangu wamebeba sheria. Nikaenda uzioni kwa sababu miguu ilitaka kwenda mahali.

Sajenti Oriol, yule Mhispania, alikuwa ameegemea uzio, anautazama mlingoti na jicho moja kalifumba, kama mimi ninavyotazama unga kabla ya kuukanda. Ukimwita Mhispania atakurekebisha: yeye ni Mkatalani, na tuliambiwa hivyo kila asubuhi pamoja na mayai.

"Mama Savka," akasema, "kwetu siku za sikukuu tunajenga mnara wa watu. Mtu juu ya mabega ya mtu, juu ya mabega ya mtu. Babu yangu alijenga, baba yangu, na mimi."

"Urefu gani?"

"Tukiwa tumezoea, kama nyumba ya ghorofa tatu. Hawa hawajazoea. Kimo cha watu watatu naweza kuwasimamisha, na Zijad juu yao wa nne." Akanyonya meno. "Lakini haisaidii. Kama mafuta yanafika juu kabisa, ataanguka kutoka juu badala ya kuanguka kutoka chini."

Niligeuka nikamtazama kaka yangu pale mlangoni na suti yake. Damu ni damu. Kisha nikamtazama Ljupka dirishani.

"Yanaishia juu kidogo ya dirisha la darini," nikasema. "Nilishika ngazi."

Oriol akafumbua jicho la pili. "Mama Savka, wewe ni hatari!"

Basi ikabaki ruhusa. Kapteni Wendelin akapiga simu Sarajevo. Tulimsikia sote. "Hapana, hakuna shambulio... Mnara... Wa watu... Ndiyo, raia... Tufaha... Ta-fadhali nisikilize, nasema tufaha!" Kisha kila mmoja akapiga kwao, na kwa robo saa bustani yangu ikawa soko la lugha, huku saa inakimbia, huku kodiani imenyamaza. Majibu yalikuja moja moja. Wahungaria wanaruhusiwa kukanyagwa lakini hawaruhusiwi kukanyaga. Mreno anaruhusiwa kupanda, ila akizidi mita mbili sharti avae kofia ya chuma. Mwaustria mdogo anaruhusiwa kusukuma kwa mikono tu. Na Kapteni Wendelin, kama mkubwa wa kituo, haruhusiwi kugusa kitu chochote.

"Hiyo ndiyo Ulaya," akasema Oriol, amefurahi kabisa. "Nimejenga na wabaya zaidi."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," nikamwambia. "Twende."

Akaenda akasimama mbele ya Radojica. "Mzee Rade, ulisema mikono mitupu ya bwana harusi."

"Nilisema."

"Mikono yake ndiyo itakayolishika. Kuhusu miguu yake hukusema chochote."

 Radojica akacheka kicheko kibaya. "Na nani atakubali kukanyagwa? Wao wawakanyage wetu? Wetu wawakanyage wao? Hebu tuwaone!"

Kweli, hakuna aliyesogea. Oriol aliuliza kwa sauti nani anakuja, akasema anahitaji watu arobaini kwa chini tu, wabanane mgongo kwa kifua kama dagaa ndani ya kopo, kwa sababu mnara haushikwi na walio juu, unashikwa na walio chini. Watu wakatazama viatu vyao. Wetu walikuwa upande wa zizi, wao upande wa magari, na katikati palikuwa na Zijad peke yake na shahamu yake.

Aliyeanza ni Alija, muuza nyama wa ng'ambo, mtu mnene kama pipa. Aliinama akivuta pumzi, akavua viatu, akaviweka sawasawa kando ya uzio wangu. "Mimi nimeshabeba ng'ombe mzima," akasema. "Mnaogopa nini, nyie?" Wahungaria wangu wawili wakavua buti. Kisha mhunzi wetu, ambaye hawezi kuona mtu mwingine akijisifu nguvu. Kisha mimi.

"Dada!" akafoka Radojica.

"Nini? Miguu ni yangu."

Baada ya hapo ikawa kama plamu zinazodondoka mti ukitikiswa. Viatu vikarundikana uzioni, jozi arobaini na zaidi, buti za jeshi, visigino vya harusi, kandambili za bibi mmoja. Oriol alitupanga kwa kutusukuma na kututukana kwa lugha yetu, na matusi yote nilikuwa nimemfundisha mimi. Nilichukua kitambaa changu cha meza, kile nilichodarizi mwenyewe, tukamfunga Zijad kiunoni kwa nguvu, maana Oriol alisema apandaye mnara hukazwa kiuno, kisha nikabanwa katikati ya kundi, na mgongo uliokuwa mbele ya kifua changu ulikuwa wa Šefika.

"Samahani, mama," nikasema, "nakukanyaga?"

"Nikanyage tu, ila usiniachie."

"Sikuachii."

Watu arobaini tukahema pamoja. Halafu akasema bila kugeuza kichwa, "Sijawahi kumkumbatia mtu wa kwenu muda mrefu hivi."

"Mimi sijamkumbatia mtu yeyote tangu mume wangu afe," nikasema. "Na huyo naye alikuwa hajui kusimama wima."

Mgongo wake ulianza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, na mimi nikaanza, na Oriol akapiga kelele kwamba anayecheka anamuua bwana harusi.

Chini kabisa, kuuzunguka mlingoti, walisimama wanne: Alija, mhunzi na Wahungaria. Juu ya mabega yao wakapanda watatu, Mreno na kofia yake ya chuma katikati. Juu yao wakapanda binamu wawili wa Zijad, vijana wembamba. Sikuwaona, niliona visigino tu, lakini nilihisi uzito ukishuka kupitia kwa watu kama maji yanayopita kwenye changarawe. Kisha Zijad akapanda. Alikanyaga bega langu, akasema "Samahani, shangazi," akakanyaga bega la mama yake, akasema "Samahani, mama," na akaendelea kuomba samahani njia nzima hadi juu.

Ndipo mnara ukaanza kuyumba.

"Upande wa mlango!" Oriol alikuwa anapaza sauti. "Pana tundu upande wa mlango! Mtu mmoja! Mtu mmoja haraka!"

Hakukuwa na mtu. Kila mwenye mabega alikuwa ndani. Mpiga kodiani alikuwa ndani na kodiani yake kaiacha majanini. Nilisikia Alija akiguna, nikaona visigino juu yangu vikitetemeka, na Šefika akaanza kusema dua kwa sauti ndogo, maneno yanakimbizana. Kama Zijad angeanguka kutoka pale, asingeinuka, na sote tulilijua. Nilisema, "Ee Mungu, kichwa cha kaka yangu kimetufikisha hapa."

"Babaa!" akalia Ljupka kutoka dirishani. 

Nilikunja shingo nikaona upande wa mlango. Radojica alikuwa amesimama na bunduki yake, uso umempauka. Kisha akaruka ngazi za mlango, akampachika Kapteni Wendelin ile bunduki mikononi. "Shika hii! Usiipoteze!"

"Siruhusiwi kugusa..." alianza Kapteni.

"Shika!"

"Viatu, mzee, viatu!" akafoka Oriol. Radojica akavirusha viatu vyake, kimoja kilimkosa Kapteni kidogo tu, akaingiza bega lake kwenye tundu chini ya mhunzi na Alija, akasukuma. Suti nyeusi na yote. Nikahisi mnara ukitulia, mara moja, kama meza iliyotiwa kigingi chini ya mguu mfupi.

"Panda, kijana!" alikuwa anapiga kelele uso ukiwa ndani ya tumbo la Alija. "Panda, mwanangu, panda, usiangalie chini, shenzi wewe, panda!"

Mwanangu. Nilisikia mimi, na alisikia Šefika, kwa sababu dua yake ilikatika.

Zijad alipita mafuta. Miguu yake iliondoka juu ya mabega ya binamu zake, ikashika mti mkavu, na hapo alikuwa fundi paa tena, kazini kwake. Sisi hatukuweza kuona. Ljupka ndiye aliyetutangazia kutoka dirishani: amefika nusu, amefika juu, ameshika, ameshikaaa!

"Mama!" akaita Zijad kutoka juu. "Mikono mitupu!"

Akaliachia. Tufaha lilianguka moja kwa moja, na watu arobaini na ushee waliokuwa chini yake likawaacha wote, likampata Radojica utosini. Mlio wake kila mtu aliusikia. Likadunda, likampita Kapteni Wendelin, likasimama mlangoni.

"Limeanguka," akasema Radojica, macho yanamtoka machozi, sijui ya maumivu au ya kitu gani. "Mashahidi mpo. Limeanguka."

Ljupka alikuwa nje kabla hatujamaliza kushushana. Kodiani ikaanza kulia, watu wakaanza kubusiana bila kuchagua, Wahungaria walibusiwa sana, Mreno alibusiwa juu ya kofia. Oriol alikuwa amekaa chini analia waziwazi kama mtoto, anasema baba yake angeona, angeona. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Zijad akateleza kwenye mlingoti mpaka chini, safari hii kwa raha zake, akamwangukia mke wake, na gauni lile nililoliombea dirishani likaisha pale pale.

Halafu nikamwona Šefika.

Alikuwa amesimama kando, anajitazama mikono. Kila mtu alikuwa na shahamu sasa, ilikuwa imetushukia kutoka kwenye miguu ya waliopanda, lakini yeye alikuwa ameishika mikono yake mbali na mwili, vidole kavitanua. Waliokuwa karibu naye wakanyamaza. Kisha wa mbali. Kodiani ikafa katikati ya wimbo. Nikajua limekuja sasa lile nililoliogopa tangu Alhamisi, na kwamba mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Akainua vidole puani. Akanusa. Akanusa tena, akakunja nyusi.

"Hii ni kondoo," akasema.

Wote tukamgeukia Radojica. Alikuwa anapapasa nundu kichwani.

"Kwani ulidhani nini?" akasema.

Akatutazama nyuso, akaelewa tulichodhani, akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mlidhani... Savka, na wewe? Na wewe ulidhani hivyo?" Sikuweza kumtazama. "Kumtesa nitamtesa, mimi ni baba mkwe, ndiyo kazi yangu! Lakini kumtia najisi mtoto wa watu siku ya harusi yake? Mimi si mnyama. Muulizeni Alija! Ilitoka kwake, kilo nane, Jumatano asubuhi."

"Kweli tupu," akasema Alija, anatafuta viatu vyake. "Aliniapisha nisiseme. Nikamwambia, Rade, kilo nane za nini? Akasema za sabuni."

Lakini mimi sikuwa nikiwaza kilo. Bucha la Alija liko ng'ambo ya mto. Tangu vita viishe kaka yangu hajawahi kukanyaga daraja lile. Jino lilimuuma miezi miwili kwa sababu daktari wa meno yuko ng'ambo. Na hata harusi hii alikuwa ametuambia waziwazi: nendeni kwa msajili wenu, mimi nabaki na kuku.

"Ulivuka daraja," nikamwambia.

"Ningepata wapi kondoo? Kwa Wendelin?"

"Ulivuka peke yako?"

"Na ndoo," akasema.

Šefika alimwendea. Alikuwa mdogo mbele yake, anamfika kifuani. Alijifuta mkono mmoja kwenye kitambaa changu cha meza kilichokuwa bado kiunoni mwa mwanawe, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaupitisha chini ya kwapa la kaka yangu, pale suti ilipopasuka mshono.

"Mkwe," akasema, "ni saa sita na nusu. Msajili anafunga. Utanivusha daraja, au umezoea kuvuka na ndoo tu?"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Radojica alitazama mlango wake, akatazama kuku, akanitazama mimi. Nilimpenda kaka yangu siku hiyo kuliko siku zote.

"Viatu vyangu viko wapi?" akasema mwishowe.

Hakuna aliyejua. Hakuna aliyejua vya kwake. Kwa haraka ile kila mtu aliingiza mguu kwenye kilichokuwa karibu, tukaondoka kwa miguu, msafara mzima, maana magari yalikuwa yameziba njia na hakuna aliyekuwa na subira ya kuyapanga. Kapteni Wendelin alibaki getini na bunduki asiyoruhusiwa kuigusa, akauliza aandike nini jioni. Nikamwambia aandike hali ni shwari, kisha aingize kuku.

Mbele walikwenda maharusi, wanang'aa kwa shahamu. Nyuma yao Radojica na Šefika mkono kwa mkono. Kaka yangu mguu mmoja alikuwa amevaa buti la Mhungaria, mwingine kiatu kipana cha Alija kilichokuwa kinampwaya na kupiga ubao wa daraja, kwap, kwap, kwap, na kila nilipodhani atasimama, aliendelea kwenda.